Shimo Mbele ya Mlango wa Tahiri

Shangazi Kristina, shikamoo.

Nakuomba unisitiri, niite Mwanasiti, na wengine wote nimewabadilisha majina, maana Makorora hii mtu akipiga chafya mtaa wa pili wanamwombea rehema, na hili ninalokuandikia likijulikana sijui uso wangu nitauweka wapi. Leo ni siku ya nne tangu litokee. Nimejiuliza sana kama utaniona mwendawazimu, lakini sina pa kwenda, Shangazi, nimo ndani ya eda.

Mume wangu Tahiri alikuwa fundi mafriji. Tulikaa kwenye ndoa miaka sita, mtoto Mungu hakutujalia, na tulikuwa tukiishi na mama yake, Bi Saleha, nyumba moja, chumba chetu kinatazamana na chumba chake, korido katikati. Siku aliyokufa ilikuwa Jumapili, amepumzika, ila friji ya jirani ilikuwa imegoma, na mama akamwambia mwanangu nenda kamsaidie mwenzio nyama isimharibikie, akaenda, umeme ukampiga, akarudishwa amebebwa. Hilo la mama kumtuma liweke akilini, Shangazi, maana ndilo linaloniua.

Sasa huyu Tahiri, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, alikuwa na mchezo wake wa kwenye simu. Dunia ya mle unaitazama kwa ubavu, kama kichuguu kilichokatwa panga katikati, juu mbingu na miti, chini udongo na mapango na madini, na chini kabisa kuna bahari ya moto. Unaingia mikono mitupu, unakata miti, unachimba, unajenga, na jua la mle likizama, maana siku nzima ya mle haifiki nusu saa, yanatoka madude yanakula watu, kwa hiyo kama huna mlango na taa umekwisha. Nilimcheka, akanifundisha, mwisho mimi ndiye nikawa namwita, bwana njoo tukachimbe. Alifunga kisanduku cha intaneti koridoni, simu zetu zikawa zinaonana, na dunia yetu ikawa inakaa ndani ya simu yangu, nikiifungua mimi ndiyo na yeye anaingia kwa yake.

Mle mtu wako unamtengeneza mwenyewe, unamvisha utakavyo, na unachagua akifa afufuke au asifufuke. Wangu anafufuka, nimeshakufa mara mia. Tahiri wake alimpa roho moja, akifa ndiyo basi, anafutika, hata umtafute vipi humpati. Nikamwambia unajitesa bure, akasema, "Mtu mwenye roho nyingi hana adabu, anarukia kila shimo." Na kweli, miaka miwili yule mtu wake hakufa, shati jekundu na suruali nyeupe, rangi za timu yake ya Coastal, jina lake juu ya kichwa. Alikuwa anajenga nyumba kubwa yenye baraza, anasema hii ya mama.

Alipofariki, vitu vyake vikagawiwa arobaini kama desturi, nguo akapewa Mzee Mwinyijuma aliyemwosha, na nilipouliza simu iko wapi mama akanijibu bila kunitazama, "Nayo nimempa Mwinyijuma, sadaka ya marehemu." Nikakubali, ndiyo ada yetu, anayeosha hupewa.

Mwezi wa tatu wa eda nikaishiwa. Kukaa ndani, kanga nyeupe, watu wamerudi kwenye shughuli zao, mimi na mama tukikutana koridoni tunalia, tukila tunalia, basi alasiri moja nikafunga mlango wangu nikaifungua ile dunia, nikasema niione tu nyumba aliyoiacha. Nimekaa dakika tatu, maandishi yakatokea: Tahiri ameingia.

Wallahi simu ilinidondoka. Nikaisomea ayatul kursi, nikaiokota, na yule pale, shati jekundu, suruali nyeupe, anakuja anatembea upande wangu. Kisha akili ikarudi, nikakumbuka simu iko kwa nani, na badala ya woga ikaingia ghadhabu ambayo sikuwahi kuijua. Nikasema kumbe ndivyo, mtu amemwosha mume wangu, amechukua nguo zake, na sasa anamvaa mwenyewe!

Akawa anakuja kila alasiri. Na si Tahiri, nililiona hilo siku ya kwanza. Tahiri akiingia tu anakimbilia chini kuchimba. Huyu hashuki. Huyu anaanza mbele ya mlango wa ile nyumba, anafyeka majani yaliyoota, jani moja moja, toka nguzo hii mpaka ile, kisha anafunga milango yote niliyoiacha wazi, anaweka taa, taa juu ya taa mpaka mtu unajiuliza kuna harusi, halafu anakuja kusimama karibu yangu, nikisogea anasogea. Nikamwandikia WEWE NANI, akaruka. Nikamwandikia MWIZI, akaruka tena mara mbili. Nikamwandikia TOKA NDANI YA MUME WANGU, akaenda zake kichakani, akarudi na ua, akalipanda miguuni pangu. Nikaona ananifanyia dhihaka.

Utasema kwa nini hukuuliza. Nimuulize nani, Shangazi? Mjane wa eda nimpelekee ujumbe mwanamume wa pembeni, watu waseme Mwanasiti hajamaliza miezi minne ameshaanza vijumbe? Na mama nimwambieje kwamba nacheza mchezo wakati kaburi la mwanawe halijaota hata nyasi? Kila akipita mlangoni kwangu nilikuwa naigeuza simu kifudifudi.

Basi nikatega. Tahiri mwenyewe ndiye aliyenifundisha, unachimba shimo wima, unaliziba mdomo kwa ubao wa mtego, unavuta waya mpaka kwenye kitufe. Nilichimba asubuhi tatu, nikijua asubuhi haji, pale pale mbele ya mlango anapofyekea, nikashuka na shimo hadi bahari ya moto. Nilijua ana roho moja. Usinihurumie kwa hilo, nilijua, nikasema afadhali afutike kuliko kuvaliwa na mtu.

Alasiri ile akaja, akaanza kufyeka, amefika katikati, nikabonyeza. Akashuka. Maandishi yakatokea: Tahiri ameungua motoni. Na chini yake: Tahiri hayupo tena. Likaibuka jiwe la kaburi. Nami nikasema kwa sauti, Mungu anisamehe, "Haya, Mzee Mwinyijuma, kula hiyo!"

Sijafunga mdomo nikasikia ukelele. Si kwenye simu. Ng'ambo ya korido.

Nilikimbia bila ushungi. Mama amekaa juu ya msala, miwani yake iliyofungwa uzi imeteremka puani, na mapajani ipo simu ya Tahiri, ile ile yenye ufa pembeni. Ameshika kichwa. "Mwanasiti, nimemuua! Nilikuwa nafagia tu, mwanangu, nafagia mlangoni, ardhi ikamla. Nimemtia motoni mtoto wangu kwa mkono wangu. Mara ya pili hii! Ile friji nani alimtuma? Si mimi?"

Nilisimama pale mlangoni, Shangazi. Akaniambia yote mwenyewe, analia. Kwamba mwaka jana alipoumwa mguu Tahiri alikuwa akimpa ile simu amchezee kidogo asichoke kulala. Kwamba kuitoa ilimshinda na kusema imemshinda ni aibu, mama mtu mzima na tasbihi mkononi, kwa hiyo akadanganya. Alikuwa akiifungua kila alasiri amtazame tu amesimama pale kwenye ukurasa wa mwanzo, hata kabla mimi sijaanza kuifungua dunia naye akapata kuingia. Kisha akanishika mkono akasema, "Nilidhani unajua ni mimi. Si ulikuwa unaniandikia salamu, na mimi nakuitikia? Nje tukikaa tunalia. Mle tulikuwa hatulii."

Mama amesoma chuo, Kurani anaisoma kama maji, lakini herufi za skuli hazijui hata moja. Mimi ninajua hazijui. Miaka sita ninamsomea risiti za umeme wa luku.

Nikasema, "Pole, mama." Hilo tu ndilo lililotoka. Nikaenda chumbani kwangu nikafunga mlango.

Tangu siku hiyo hashiki kisu, hashiki kiberiti, anasema mkono wake una nuksi. Jana jirani alimpa mtoto ambebe kidogo, akakataa, akaficha mikono yote miwili ndani ya kanga. Chakula anakionja tu. Na mimi siku tisa zijazo eda yangu inakwisha, kaka zangu wanatoka Pangani kuja kunichukua, nitaondoka nimwache mwanamke yule anaamini amemuua mwanawe mara mbili, na hiyo ya pili nimeifanya mimi! Dada yangu Khadija ananiambia ufyate ulimi, mwambie simu iliharibika, yamekwisha. Shemeji yangu Msafiri, ambaye ameambiwa tu mtu wa Tahiri amefutika, habari ya shimo haijui, anasema mbona rahisi, mtamtengeneza mwingine, shati lile lile, jina lile lile, mwambieni mama amerudi. Sijaifungua tena ile dunia. Nifanye nini? Nikimwambia, nitakuwa nimembakishia nini? Nisipomwambia, nitalala vipi huko Pangani?

Mimi mwanao,
Mwanasiti, Makorora

JIBU

Mwanasiti mwanangu, marahaba, na pole kwa msiba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimeisoma nimesimama. Miaka kumi na saba naandika safu hii, nimeletewa wachawi, nimeletewa wanaume wenye nyumba tatu, sijapata kuletewa mama aliyeuliwa mwanawe ndani ya simu na mkwewe aliye chumba cha pili. Yesu na Maria! Nimemwita Castory, fundi wetu wa kompyuta, mtu ana mvi zake, anieleze huo mchezo. Akaanza kucheka. Nilimkazia macho mpaka akaacha.

Kwanza nikwambie, mimi ni Mkatoliki, Mbondei wa Muheza, mambo ya eda yana masheikh wake na sitajitia ujuzi. Lakini mama mkwe ni mama mkwe, nimekaa na wangu miaka ishirini na mbili, hapo utanisikiliza.

Sasa nikuseme. Mtu anaingia kila alasiri, saa ambayo mama yako amemaliza kuswali. Anafagia. Anafunga milango. Anawasha taa zisizo na kazi ili wewe usikute giza. Anakusogelea halafu hasemi neno. Na wewe kwa akili zako ukasema huyu ni Mzee Mwinyijuma! Mwanamume gani wa Makorora umemwona anafagia uwanja, Mwanasiti? Tena uwanja usio na vumbi! Na Castory anasema kwa hicho kisanduku chenu cha koridoni, simu haziwezi kuonana zisipokuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mzee wa watu yuko kwake anakula muhogo, hajui kwamba ameshahukumiwa na kuchomwa. Hukumtambua mama kwa sababu hasira ilikuwa tamu kuliko kulia. Naijua hiyo. Nimezika mume na mimi, na mwezi mzima nilimchukia seremala wa jeneza.

Nimemaliza kukusema. Sasa sikia.

Tahiri hukumuua. Mumeo alichukuliwa na umeme siku ya Jumapili, na mama yake alimtuma kwa wema, kama mama yeyote anavyomtuma mwanawe mwenye ufundi. Kilichoungua mle ndani ni nguo tu, nguo ambayo mama yule alikuwa anaivaa apate kukusogelea. Hasara yake ni kubwa, sitaidogosha. Ila si kifo, na wewe ndiye mtu pekee duniani unayeweza kumwambia hivyo akaamini, kwa sababu shimo ulichimba wewe.

Dada yako Khadija mwambie afyate yeye. Uongo wa simu mbovu utamwachia mama nuksi yake mkononi, maana mwenye kujishuku hata simu ikiharibika atasema nimeiharibu mimi. Na huo ushauri wa shemeji yako usiuguse kabisa! Mumeo alichagua roho moja, mheshimu. Halafu jiulize, hilo shati litamdanganya nani? Wewe mkewe siku ya kwanza tu ulijua kwamba si Tahiri. Utamdanganya aliyemzaa?

Utamwambia leo, si siku ya nane. Kaka zako ukiwasubiri utapata pa kujificha. Mwache aswali alasiri, ingia chumbani kwake, kaa chini, si kitandani. Usianze na "mama kuna jambo", moyo wake utapasuka kabla hujafika. Anza hivi: "Mama, lile shimo nilichimba mimi." Kisha mweleze yote mpaka kwa Mwinyijuma. Akikuuliza yale maandishi yalisemaje, msomee yalivyo, hata lile la mwizi. Utatamani kumwachia zile salamu, nakujua, lakini ukibakiza uongo mmoja, ataushuku na ukweli wote.

Atafanya nini? Sijui. Anaweza kukupiga. Pigwa. Anaweza kukuambia utoke. Toka, kaa koridoni, mjane wa eda koridoni anaruhusiwa nadhani. Anaweza kucheka habari ya Mzee Mwinyijuma, na akicheka cheka naye, si dhambi. Lakini usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, usimbebeshe na kazi hiyo. Kesho yake mpe kitunguu na kisu, mwambie mama nikatie, ukae unatazama kama atashika. La friji hutaliondoa wewe, hilo atalizungumza na Mungu wake kwa muda wake, ila si haki alibebe na lako juu. Kaka zako wakija wamkute anakata kitunguu, na kama hashiki kisu bado, waambie warudi Pangani wakangoje. Eda kwisha hakumfukuzi mtu kwa mama mkwe.

Halafu, akiwa tayari, mtengenezee mtu wake mwenyewe. Si Tahiri wa pili. Mwanamke, avae kanga, jina lake juu ya kichwa, Saleha, tena mpe roho nyingi, yule mama amekufa vya kutosha. Mfundishe herufi za jina lake aziandike kwa kidole chake, ndipo utakapomwandikia salamu ya kweli aisome. Nyumba ya baraza ilikuwa yake, haijaisha, na pana jiwe la kaburi mlangoni ambalo mtaamua wawili libaki au liondoke.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla hujavuka korido, fungua hiyo dunia peke yako na ulifukie lile shimo. Lifukie lote mpaka juu, ung'oe na waya. Maana yule akirudi mle, hata kama hajakusamehe, ataanza kwa kufagia mlangoni.

Shangazi Kristina